Stima, Makaa na Mabati: Ni Sera Gani Inayopunguza Gharama ya Nyumba Yako Turkana?

Fungua orodha ya malipo kwenye simu yako uangalie mwezi uliopita. Tokeni za stima. Malipo ya sola. Pesa ya makaa uliyomtumia mama wa sokoni. Kujaza mtungi wa gesi. Kwa familia nyingi za Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, pesa ya nishati hutoka kidogo kidogo, hamsini leo, mia kesho, na kwa sababu hiyo haionekani. Ukiijumlisha ndipo unashtuka.

Serikali nayo haijakaa kimya. Tangu 2012 hivi kumekuwa na kanuni, mikakati, kodi zilizopandishwa na kodi zilizoondolewa, zote zikitajwa kuwa za kusaidia nyumba zitumie nishati vizuri zaidi. Swali letu leo ni rahisi: kati ya hizo zote, zipi zinafika mlangoni kwako? Na wewe mteja ufanye nini ili usipitwe na zile zinazofaa?

Tumechagua Lokichoggio kuwa mizani yetu. Loki, kama wenyewe wanavyoiita, iko mwishoni mwa barabara ya A1, kilomita kama 200 kupita Lodwar, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Kuanzia 1989 mji huu ulijulikana duniani kwa ndege za misaada za Operation Lifeline Sudan. Baada ya amani ya 2005 shughuli nyingi zilihamia ng'ambo ya mpaka, na pesa za mji zikapungua. Kila kitu kinachofika Loki kimesafiri mbali: gesi, dizeli, balbu, betri. Kwa hiyo sera ikifanya kazi Loki, itafanya kazi karibu popote Kenya. Ikikwama, tutaona imekwamia wapi.

Maswali matatu ya kupima sera yoyote

Usihitaji digrii ya uchumi. Ukisikia redioni kwamba kuna mpango mpya wa nishati nyumbani, uliza haya:

Moja, inamgusa nani? Mwenye nyumba au mpangaji? Mwenye mita au anayetumia ya mwenzake?

Mbili, nani anatoa pesa ya kwanza? Vitu vingi vinavyookoa pesa vinaanza kwa kukugharimu. Kama sera haikusaidii kwa ile pesa ya mwanzo, itamfaa mwenye nazo tu.

Tatu, itadumu? Kodi ikiondolewa mwaka huu na kurudi mwaka ujao, hata muuza duka anaogopa kuleta mzigo.

Sasa tupime.

1. Bei ya stima: yuniti 30 za mwananchi wa kawaida

Kenya ina bei nafuu kwa nyumba zinazotumia stima kidogo. Kuanzia Novemba 2018 kikomo cha bei hiyo kilikuwa yuniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 mamlaka ya EPRA ilibadilisha: kikomo kikashuka hadi yuniti 30. Ukizidi 30 hadi 100 unaingia daraja la pili, na ukipita 100 unalipa bei ya juu zaidi. Wanaangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, kwa hiyo mwezi mmoja wa kujibana hautoshi.

Je, yuniti 30 zinatosha? Inategemea balbu zako. Tupige hesabu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku inakula yuniti 9 kwa mwezi. Tatu za aina hiyo ni yuniti 27. Bado hujachaji simu wala kuwasha redio, na tayari umebakiwa na yuniti 3. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribiana na ile ya wati 60, lakini kwa saa hizo hizo inakula yuniti 1.35 tu. Tatu zinakuwa kama yuniti 4. Umeokoa yuniti 23 bila kukaa gizani.

Hapo sera na balbu vinafanya kazi pamoja: LED inakuokolea stima, na kubaki chini ya 30 kunafanya hata zile chache unazonunua ziwe za bei ya chini.

Lakini rudi kwenye swali la kwanza: inamgusa nani? Tuseme ploti Lodwar ina vyumba sita na mita moja. Kila mpangaji anatumia yuniti 20 tu. Kila mmoja peke yake angekuwa kwenye bei nafuu. Ila mita inaona yuniti 120, na wote wanalipa kwa daraja la juu kabisa. Mpangaji maskini mwenye balbu mbili analipa kama mwenye friji mbili. Sera iliyoandikwa kwa ajili yake imempita kwa sababu hana mita.

Ufanye nini? Kama mko kwenye mita ya pamoja, ongeeni na mwenye ploti kuhusu mita tofauti, au angalau mita ndogo za ndani ili kila mtu alipe alichotumia. Mita ndogo haiwatoi kwenye daraja la juu, lakini inampa anayejibana sababu ya kujibana. Na mkichangishana pesa ya tokeni, tumaneni kwa simu badala ya mkononi. Ujumbe wa malipo ni ushahidi siku mkibishana.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi Lodwar imepata stima kutoka jenereta za dizeli na sola kidogo, nje ya gridi ya taifa, ilhali mteja wa Kenya Power hulipa bei ile ile ya yuniti awe Lodwar au Nairobi. Kutengeneza yuniti moja kwa dizeli iliyosafirishwa hadi Turkana ni ghali sana, na tofauti hiyo inabebwa na mfumo mzima. Maana yake, yuniti moja ikiokolewa Lodwar inaokoa pesa nyingi kuliko yuniti moja ikiokolewa Nairobi. Kama serikali ingetafuta mahali pa kuanzia kugawa LED, ingeanzia miji kama hii. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba bwawa la Turkwel, lililoko mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, limekuwa likizalisha stima tangu 1991, na laini yake kubwa ilielekezwa Lessos, upande wa bara.

2. Zile nyota kwenye friji

Mwaka 2016 Kenya iliweka kanuni za kuonyesha matumizi ya stima kwenye vifaa kama friji na viyoyozi. Kifaa kinabandikwa lebo yenye nyota, na nyota nyingi zinamaanisha kinakula stima kidogo kwa kazi ile ile.

Kwa mwenye duka la soda baridi Kakuma, hii ni pesa. Friji haizimwi, inakula mchana na usiku, na katika joto la Turkana inafanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko ingefanya Limuru. Tofauti ndogo kwenye lebo inakuwa kubwa ikifika mwisho wa mwaka.

Shida ni kwamba friji nyingi zinazoingia miji hii ni za mtumba, na lebo ya nyota inakusaidia dukani, si kwenye lori. Ukinunua ya mtumba, angalia kibandiko cha nyuma kinachoonyesha wati. Angalia mpira wa mlango: weka noti katikati, funga mlango, kisha vuta. Noti ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka hivyo hivyo. Usinunue kwa sababu tu imeshuka bei elfu tatu. Ndani ya miezi michache inaweza kuzirudisha zote kwenye tokeni.

Na Kakuma kuna kikwazo kingine. Wateja wengi kambini na sokoni wamezoea kununua stima kwa wafanyabiashara wenye jenereta, kwa kiwango kimoja kila mwezi kulingana na vifaa ulivyo navyo, bila mita. Ukizima taa mapema hulipi kidogo. Hakuna kampeni ya kuokoa stima itakayomgusa mtu anayelipa vile vile aokoe asiokoe. Ndiyo maana gridi ndogo za sola zenye mita, kama ile ya Renewvia pale Kalobeyei, zinabadilisha tabia ya matumizi: unalipia unachotumia. Bei ya yuniti kwenye gridi ndogo za binafsi mara nyingi iko juu kuliko ya Kenya Power, lakini unayo nafasi ya kuipunguza bili mwenyewe.

3. Sola ya kulipa pole pole

Hapa simu yako ndiyo imefanya kazi kubwa. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza Kenya kuuza sola kwa amana ndogo na malipo ya kila siku kwa simu, na wengine wengi wakafuata. Ile pesa ya kwanza, swali letu la pili, ilipata jibu: gawanya iwe mia moja mia moja.

Serikali ikaongeza nguvu kwa mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150. Ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Turkana ikiwemo, kwa gridi ndogo, sola za nyumbani na majiko yanayookoa kuni. Wazo lake kuu ni zuri: kampuni inapewa motisha ya kufika mahali ambapo kibiashara isingefika. Bila motisha kama hiyo, fundi wa sola haendi Loki kutengeneza taa moja.

Lakini tazama swali la tatu, la kudumu. Mwaka 2020 bidhaa nyingi za sola zilipoteza msamaha wa kodi ya VAT. Mwaka 2021 msamaha ukarudishwa. Mwaka mmoja tu, lakini mwenye duka aliyeagiza mzigo wakati huo aliupandisha bei, na mteja akaahirisha. Mkono mmoja wa serikali unatoa motisha, mwingine unatoza kodi.

Kabla ya kusaini mkataba wa sola, fanya hesabu hii. Huu ni mfano tu, weka namba zako: amana Sh3,000, kisha Sh50 kila siku kwa siku 400. Hiyo ni Sh20,000, ukijumlisha amana Sh23,000. Sasa uliza bei ya taslimu ya mtambo ule ule. Wakikuambia Sh16,000, basi Sh7,000 ndiyo bei ya kulipa pole pole. Labda inakufaa, kwa sababu leo unanunua mafuta ya taa na kuchajisha simu kwa pesa. Labda haikufai. La muhimu ni uijue kabla, si siku ya 300.

Uliza pia: nikikosa siku tatu, taa inazimwa? Siku hizo zinasogezwa mbele au zinatozwa faini? Nikimaliza kulipa, mtambo unakuwa wangu kabisa? Betri ikifa, nani anakuja hadi Loki? Na kwa wafugaji, hili: pesa ya mbuzi huja kwa mkupuo siku ya soko. Uliza kama unaweza kulipa miezi miwili mbele, na kama kulipa mbele kunapunguza chochote.

Angalia na ada za kutuma. Kama kila malipo yanakatwa ada, kulipa mara moja kwa wiki ni nafuu kuliko mara saba.

4. Jiko: mahali pesa nyingi zinapoungua

Taa ndiyo inaongelewa sana, ila kwa nyumba nyingi jiko ndilo linalokula zaidi. Mafiga matatu yanapoteza sehemu kubwa ya joto pembeni. Sufuria inapata kidogo. Jiko lenye kauri ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linashikilia joto na kupunguza makaa kwa karibu theluthi moja au zaidi likitumiwa vizuri.

Hesabu ya mfano: ukitumia makaa ya Sh120 kwa siku, ni Sh3,600 kwa mwezi. Theluthi yake ni Sh1,200. Jiko la Sh1,500 linajilipa kwa wiki tano na kidogo. Ni vitu vichache vya nyumbani vinavyorudisha pesa haraka hivyo. Bado watu hawanunui, kwa sababu Sh1,500 kwa pamoja ni ngumu, na makaa ya Sh120 yapo leo. Hapo ndipo chama cha akina mama kinaweza kufanya kazi ambayo sera haijafanya: wanachama kumi, kila mmoja Sh150 kwa wiki, kila wiki mmoja anachukua jiko.

Tuseme ukweli mwingine pia. Makaa yanayopungua jikoni Kakuma ni kikapu kinachobaki bila mnunuzi kwa mama wa Kiturkana anayechoma na kuuza. Akiba ya mmoja ni hasara ya mwingine, na wote wawili ni majirani. Mpango mzuri wa majiko lazima umfikirie na huyu muuzaji: awe wakala wa majiko, au achome mathenge, ule mti vamizi unaoitwa etirae kwa Kiturkana, badala ya migunga inayolisha mbuzi. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, ikaondoa marufuku hiyo 2023. Marufuku peke yake haimpi mtu njia nyingine ya kupika.

Je, gesi? Tazama safari yake ya kodi. Julai 2021 iliwekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ikaondolewa. Ukiongeza na ile tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa iliyowekwa 2018 ili kuzuia watu wasichanganye mafuta ya taa na dizeli, utaona picha: wahuni walilengwa, mwenye koroboi akalipa. Kuondoa VAT kwenye gesi ni hatua nzuri, lakini Loki bei inabebwa pia na barabara. Kama mtungi mdogo unajazwa mbali na nyumbani, weka na nauli kwenye hesabu yako. Familia nyingi zinafanya mchanganyiko: gesi kwa chai ya asubuhi, jiko la kauri kwa maharagwe. Kuna akili ndani yake. Kuwasha makaa kwa kikombe kimoja cha chai ni hasara ya wazi.

5. Nyumba yenyewe

Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni kwamba majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya kuchemsha maji kwa sola. Kwa Nairobi yenye asubuhi za baridi, ni wazo la maana. Kwa Lodwar, ambako mchana joto hufika nyuzi 35 na kuzidi, maji ya bomba yenyewe yanatoka ya uvuguvugu. Kanuni ilitazama nyumba moja ya Kenya na kufikiri imeona zote.

Shida ya nyumba ya Turkana ni joto linaloingia. Mabati bila dari yanageuza chumba kuwa tanuri, kisha unanunua feni, kisha unanunua tokeni za feni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2020 ulitaja nyumba na majengo miongoni mwa maeneo ya kushughulikia, na Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Lakini nyumba nyingi hapa zinajengwa na fundi wa mtaani bila ramani. Kanuni isiyomfikia fundi haimfikii mtu.

Yapo yanayowezekana kwa pesa kidogo. Paka bati rangi nyeupe. Linarudisha jua badala ya kulimeza. Weka dari, hata ya mikeka ya mkoma, na uache nafasi hewa ipite kati yake na bati. Toboa madirisha pande mbili zinazotazamana. Panda mwarobaini upande wa jua la jioni. Wazee waliojenga kwa makuti ya mkoma, eengol, walikuwa na kivuli kinachopumua bila kulipia yuniti hata moja.

Kwa hiyo sera ipi imeshinda?

Kwa mizani yetu ya Loki, zilizofanya vizuri ni zile zinazopunguza pesa ya kwanza na kumfuata mteja alipo: sola ya kulipa pole pole pamoja na motisha za aina ya KOSAP. Bei nafuu ya yuniti 30 ni nzuri kwa mwenye mita yake na LED, ila inamwacha mpangaji. Nyota za friji na kanuni za ujenzi zitasubiri hadi zimfikie muuza mtumba na fundi. Kodi za kupanda na kushuka ndizo zimeharibu zaidi.

Na una sauti. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati, na wananchi wanaitwa kutoa maoni kwenye bajeti. Siku mkiitwa kwenye baraza la wadi, peleka swali la mita ya pamoja. Peleka swali la jiko.

Mwezi huu anza na haya:

• Jumlisha malipo yote ya nishati kwenye simu yako. Andika namba moja.
• Badilisha balbu inayowaka saa nyingi kuliko zote. Moja tu, kwanza.
• Weka kando akiba ya jiko kwa jina lake, hata Sh20 kwa siku.
• Ukilipia tokeni au sola, soma jina la kampuni linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama jina si lile unalolijua, ghairi.
• Mtu akikupigia akisema umechaguliwa kupewa sola ya serikali bure, ila utume kwanza pesa ya usajili, kata simu. Namba yako ya siri haiombwi na mtu yeyote, hata sisi.

Mwezi ujao jumlisha tena. Namba ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, hiyo tofauti ni yako.